Ngata Iliyomkaa Waziri Kichwani

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina hilo liko kwenye kamati. Kamati ikimaliza kazi tutatangaziwa tunaishi wapi. Kwa sasa tunaiita nchi yetu, na tunaipenda, kwa sababu kila mwaka tarehe mosi Januari tunajaza fomu ya kuipenda.

Mimi ni fundi wa kuziba ndoo. Nina miaka sitini na miwili. Kusoma na kuandika nimejifunza mwaka huu, katika darasa la jioni nyuma ya ofisi ya mtendaji. Kabla ya kuandika huwa naomba nisiandike uongo. Nimeshaomba. Haya ndiyo yaliyotokea.

Mtaa wetu una bomba. Lilizinduliwa mara ya kwanza miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu hapo limezinduliwa mara nne zaidi. Ni bomba zuri la shaba, limesimama juu ya nguzo ya saruji, na chini yake hakuna kitu. Kiongozi anayehusika nalo ni Mheshimiwa Waziri wa Maji Yajayo. Yupo pia Waziri wa Maji Yaliyopita, lakini huyo hupangiwa zaidi shughuli za mazishi.

Jumatatu ya wiki ile Mheshimiwa alikuja kulizindua kwa mara ya sita. Wanawake waliagizwa wafike saa kumi na mbili asubuhi na ndoo safi, na ndoo zikae kichwani, kwa ajili ya picha. Mheshimiwa alifika saa saba mchana. Muda wote huo ndoo zilikuwa kichwani.

Karibu yangu, hatua mbili hivi, alisimama Bi Tasiana. Huyu ni mjane asiye na mtoto, aliyehamia kwetu kutoka upande mwingine wa nchi. Anawachotea maji mama lishe wa sokoni, na jioni tunasoma naye. Ndoo yake ya bluu niliiziba mimi. Chini ya ndoo alikuwa na ngata, kile kitambaa cha khanga kuukuu kilichosokotwa mduara ili ndoo isiumize utosi.

Mheshimiwa alifungua bomba. Ukatoka upepo. Tukapiga makofi, kwa sababu kwenye ratiba palikuwa pameandikwa: Maji kutoka, makofi.

"Wananchi!" akasema Mheshimiwa. "Mmesikia? Hiyo ndiyo sauti ya maji yakiwa njiani!"

Hapo Bi Tasiana akashusha ndoo taratibu, akaishika ngata, akairusha. Hakupiga kelele wala hakutukana. Aliirusha kama mtu anayetupa nguo kwenye beseni la kufulia. Ngata ikazunguka hewani, ikashuka, ikamkaa Mheshimiwa kichwani, katikati kabisa, kama iliyopimwa na fundi cherehani.

Nikaanza kumwombea Bi Tasiana. Sikufika mbali, maana mshereheshaji alishika kipaza sauti akapaza sauti: "Mheshimiwa amevikwa! Wanawake wa mtaa huu wamemvika taji la heshima!"

Vigelegele vikapasuka. Mheshimiwa akaigusa, akatabasamu, akasema hajawahi kupewa heshima kubwa hivyo na watu wadogo hivyo. Kisha akaendelea kuhutubia kwa dakika kumi na nne akiwa na ngata kichwani, na kila alipoinamisha kichwa tulipiga makofi ili kuipongeza kwa kutoanguka. Bi Tasiana aliletewa kiti cha plastiki na soda ya chungwa. Alikaa akitutazama sote na uso wa mtu aliyepiga hodi, akaitikiwa nyumba ya jirani.

*

Inasemekana aliyegundua kosa ni mke wa Mheshimiwa. Jioni waliketi kutazama taarifa ya habari, Mheshimiwa akiwa ameweka taji lake juu ya kabati la vyombo.

"Baba," mama akasema, "hilo si taji. Hiyo ni ngata. Umerushiwa."

"Una hakika?"

"Nimebeba maji miaka tisa kabla hujanioa."

Saa hiyohiyo nchi ikasimama. Redio ikakatisha muziki, ikatangaza shambulio. Iliundwa kamati ya watu tisa kuichunguza ngata. Waliipima, wakaipiga picha pande zote, ingawa ni mduara na pande zake zote ni moja. Ripoti yao ilisema kuwa kifaa hicho "kina uwezo wa kuhimili lita ishirini bila kutetereka, jambo linaloonyesha maandalizi ya muda mrefu."

Bi Tasiana alikamatwa akiwa anasafisha chupa ya ile soda ili airudishe.

Lakini palikuwa na tatizo la makofi. Mtu akishambuliwa, na wewe ukapiga makofi dakika kumi na nne, wewe ni nani? Serikali iliuliza swali hilo redioni, kisha ikaweka wimbo wa taifa. Jumatatu tulikuwa watu mia nne pale bombani. Jumanne asubuhi nilitafuta waliokuwepo, nikabaki mimi. Mshereheshaji alikuwa kwenye msiba wa mjomba wake. Wanawake wa vigelegele walikuwa na makoo mabovu tangu Pasaka.

Kwa bahati nzuri nchi yetu ina utaratibu. Likitokea jambo baya, kila mtu analaani. Kuna Kulaani, kuna Kulaani Vikali, na kuna Kulaani kwa Nguvu Zote. Chama cha Wauza Vitumbua kililaani vikali saa tatu asubuhi. Saa nne Chama cha Wauza Maandazi kikalaani kwa nguvu zote. Wauza vitumbua wakaona wameachwa nyuma, wakaandika barua kuomba wapandishwe daraja.

Wananchi wa kawaida tulipanga foleni kwa mtendaji kusaini daftari. Kila mstari ulikuwa umeshaandikwa maneno haya: Mimi (nafasi ya jina) simjui mtu huyu, sikuwepo, na ninalaani. Unajaza jina tu.

Nami nilijaza. Nimeomba nisiandike uongo, kwa hiyo siwezi kuuruka mstari huu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika jina langu kwenye kitabu cha Serikali. Zamani nilikuwa nachovya kidole gumba kwenye wino. Niliandika Zefania Lukindo, Z kubwa imenyooka, na mtendaji akasema, "Mzee, una mwandiko!" Nilitembea hadi nyumbani nikiyafikiria maneno hayo. Nilipofika mlangoni ndipo nikafikiria yale mengine.

*

Jumatano watu wakaanza kumpenda Bi Tasiana. Walimpenda kwa sauti ya chini.

Vijana walikwenda kwa kinyozi wakanyolewa mduara utosini, wakiulizwa wanasema ni joto. Kwenye simu watu walitumiana alama ya mduara bila neno hata moja. Polisi wakapiga marufuku mduara. Sahani zikauzwa kwa kibali, mafundi baiskeli wakaitwa kujieleza, na wauza vitumbua, ambao bado walikuwa wanasubiri kupandishwa daraja, wakaanza kukaanga vitumbua vya pembe nne ili kuonyesha nia njema.

Kwenye kibanda changu alikuja mwanamume mmoja mwenye suti na ndoo. Niliigeuza ndoo, nikaitazama juani.

"Hii haivuji, mkuu."

"Najua." Akainama. "Fundi, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akarudi nyuma hatua moja. "Basi usiniambie. Lakini yule mama! Mungu ambariki. Yule ni mama yetu sote."

"Unamjua?"

"Simjui hata kidogo," akasema, akachukua ndoo yake akaondoka.

Siku hiyo nilipokea ndoo saba zisizovuja.

Alasiri likapita gari la matangazo. Lilisema kuwa mshukiwa aliyeko kituoni anadai kuitwa Tasiana. Lilisema kuwa kisheria mtu ni yule anayejulikana na mtu mwingine. Anayemjua afike kituoni kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ajaze Fomu ya Kumjua Mtu, na kesi itasikilizwa kama kesi ya mtu. Asipopatikana, mshukiwa ataandikwa Asiyejulikana, na atapelekwa kwenye Makazi ya Wasiojulikana.

Makazi hayo yako mbali, huko kwenye jangwa la chumvi. Hatujui nani anaishi huko. Hatujui kama kuna aliyewahi kurudi. Kama amerudi, hatumjui.

Nilifurahi kusikia tangazo lile. Nilisema, nchi nzima inampenda, foleni itafika sokoni. Nikamwomba Mungu amtume wa kwanza.

*

Jioni ile darasani Mwalimu Rukia aliita majina. Baada ya langu huwa linafuata la Bi Tasiana. Aliliruka, akafunga daftari.

"Darasa letu lina watu kumi na mmoja," akasema.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, tulikuwa kumi na wawili."

"Mzee Zefania, hesabu ni kesho. Leo ni imla."

Akatusomea: Nchi yetu ina amani. Tukaandika. Akatusomea: Kila mtu anamjali mwenzake. Tukaandika. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na mara mbili nilisogeza kifutio upande ule, maana Bi Tasiana hakosi kukosea kwenye "mw".

Wenzetu walipotoka nilibaki kumsaidia Mwalimu kufunga madirisha.

"Alikuwa anajitahidi kuliko ninyi wote," Mwalimu akasema, akiwa amenipa mgongo.

"Basi twende wote kituoni, Mwalimu. Wewe neno lako lina uzito."

"Mzee wangu, mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu." Akavuta komeo. "Kaniombee."

Alhamisi nilikwenda sokoni kwa Mama Chausiku. Huyu ndiye ambaye Bi Tasiana alimchotea maji miaka kumi na miwili, ndoo nane kwa siku.

"Hodi, Mama Chausiku."

"Karibu, fundi. Ila kama umeleta habari za yule, pitiliza."

"Unamjua kuliko mimi."

"Mimi naijua ndoo. Ya bluu, ina kiraka chako pembeni. Hiyo ndoo nitaitetea hata mahakamani."

"Na aliyeibeba?"

"Weee, fundi! Una nini leo? Unataka nifungiwe jiko? Nina wajukuu watano humo ndani, wote wanajua kula tu." Akageuza vitumbua vyake vya pembe nne, machozi yakimtoka. "Moshi huu utaniua."

Jiko lake lilikuwa la gesi. Akafunga vitumbua vinne kwenye gazeti, akanisukumia.

"Kama unakwenda huko, mpe. Usiseme vimetoka wapi. Nimeweka vile vilivyoungua kingo, ndivyo anavyopenda."

"Mama Chausiku, mtu usiyemjua, umejuaje anapenda vilivyoungua?"

"Ondoka hapa kabla sijakupiga na mwiko!"

Jioni nilikwenda kwenye maombi, nikamwomba mzee wa kanisa, Mzee Yeremia, amtaje Bi Tasiana kwa jina. Alinisikiliza kwa upole, akanishika bega.

"Mungu anayajua majina yote, Zefania. Hatuna haja ya kumkumbusha kwa kipaza sauti."

Tukawaombea wote walio katika hali mbalimbali.

*

Lazima niseme wazi. Tangu Jumatano nilikuwa naomba Mungu atume mtu. Nilimtajia hata watu wanaofaa: wenye elimu, wenye viatu, wanaojua kuongea na polisi. Niliomba kwa machozi, na nikaridhika na uombaji wangu. Nilikula vizuri.

Ijumaa asubuhi nilipiga magoti, nikakosa la kuomba. Nilikuwa nimeshawataja wote. Mke wangu Eliwaza alifariki miaka minne iliyopita, na mwanangu Obedi yuko mji mkuu, kwenye Idara ya Fomu. Katika chumba kile nazungumza na Mungu kwa sababu ya imani, lakini pia, naona nikiri, kwa sababu hakuna mwingine. Asubuhi ile hata Yeye alikuwa ananisubiri mimi niseme. Nilikaa juu ya visigino mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikainuka, nikavaa shati safi, nikachukua vitumbua.

Foleni haikuwepo. Mbele ya kituo walikuwa wameweka kamba na vigingi vya kuipanga, urefu wa uwanja wa mpira. Nikapita peke yangu kati ya zile kamba, nikikata kona zote kama ilivyoelekezwa.

Kwenye kaunta alikaa Koplo Sabas, kijana mnene mwenye sauti ya taratibu. Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa Bi Tasiana ametazama ukuta.

"Nimekuja kusema namjua yule mama," nikasema.

Bi Tasiana akageuka. Alinitazama kwanza kama asiyeamini, kisha akakasirika.

"Fundi, rudi nyumbani! Una ndoo za watu."

"Hazivuji," nikasema.

Koplo akatoa fomu kutoka kwenye kasha jipya. Alilazimika kuchana karatasi ya nailoni. Alionekana kufurahi kuitumia.

"Unamjua kiasi gani? Kidogo, wastani, au kupita kiasi?"

"Wastani."

"Taja jambo moja linaloonyesha kwamba unamjua."

Nilifikiri. "Akiandika, hutoa ulimi nje kidogo."

Koplo akampa Bi Tasiana karatasi na kalamu. "Andika: maji."

Bi Tasiana akainama, akaandika, na ulimi ukatoka. Koplo akaandika kwa herufi kubwa: IMETHIBITIKA. Nikampa Bi Tasiana vitumbua. Alikivunja kimoja, akatazama ukingo ulioungua, akasema polepole, "Chausiku." Koplo akakohoa kwa nguvu ili asiwe amesikia.

Ilikuwa saa tano na robo. Koplo akaninyooshea wino, nikasema hapana, naandika. Nikaandika jina langu. Akalichukua jina langu, akalipeleka kwenye daftari kubwa la kulaani lililoletwa kutoka kwa mtendaji, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Mzee wangu," akasema, "hapa pana tatizo. Jumanne umeandika humjui. Leo umeandika unamjua. Jina ni lile lile, Z ni ile ile. Sasa mkweli ni yupi?"

"Wa leo, afande."

"Wa Jumanne aliandika vizuri zaidi."

"Jumanne mkono haukutetemeka."

Akafikiri sana. Nadhani alitaka kunisaidia. Alifungua kitabu cha mwongozo, akasoma akisogeza midomo, akakifunga.

"Mtu mwenye maneno mawili anahitaji mtu wa kumjua yeye. Huyo ndiye atasema neno lipi ni lako. Nani anakujua wewe?"

"Mimi namjua," akasema Bi Tasiana.

"Wewe bado hujajulikana, mama," akasema Koplo, wala si kwa ukali.

Nikampa namba ya Obedi. Koplo akapiga, akaiweka simu mezani ili sote tusikie.

"Haloo. Hapa ni polisi. Tuna mzee hapa, Zefania Lukindo. Unamjua?"

Nilisikia sauti za mihuri nyuma yake, watu wa ofisini wakigonga fomu. Nilimwona kwa mawazo anavyotazama kushoto na kulia, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kuvuka barabara, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

"Hapana, afande. Umekosea namba."

"Una hakika?"

"Ndiyo." Kisha, taratibu sana: "Huyo mzee... amekula?"

Koplo akainua uso. "Unamuulizia chakula mtu usiyemjua?"

Mihuri ikaendelea kugonga. Mimi nikaisogelea simu.

"Afande, ni kweli," nikasema kwa sauti ili ifike. "Namba nimekosea mimi. Macho yangu mabovu. Huyo simjui."

Simu ikakatwa. Nilijikuta nimetega sikio kusikiliza kama kuna jogoo atawika, kama alivyomwikia Petro. Ilikuwa saa tano na nusu mchana, na kulikuwa na feni tu.

Nilikuwa nimewakasirikia wote: Mwalimu Rukia, Mama Chausiku, Mzee Yeremia, yule wa suti. Hasira hiyo niliitafuta pale kaunta sikuiona tena.

"Bado nusu saa, mzee," Koplo akasema. "Hakuna mwingine kabisa? Miaka yote hiyo mtaani?"

Nilipita mtaa mzima kichwani, mlango kwa mlango. Nimeziba ndoo za watu miaka thelathini. Niliona ndoo, vishikio, mikono iliyoshika vishikio. Sura hazikuja. Na mimi kwao, nadhani, ni mikono na nyundo.

"Hakuna, afande."

Bi Tasiana alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi. Tukakaa. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza darasani wamefika wapi, nikamwambia imla. Aliniuliza sentensi gani, nikamwambia. Akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, na Koplo Sabas akatazama saa ya ukutani akiwa kama anayeiombea ichelewe. Haikuchelewa. Saa sita kamili alitugongea mihuri ya Asiyejulikana viganjani, mmoja mmoja, akitupulizia wino ukauke.

"Samahani," akasema.

*

Lori lilikuwa la turubai. Lilipita vituo vingine kabla ya chetu na lilikuwa na watu tayari, wamekaa kwenye mbao, kila mmoja akitazama magoti yake. Mmoja aliuliza bei ya sukari kwenye mkutano. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule aliyesahau kulaani kwa sababu alikuwa na malaria. Dada mmoja alipiga makofi, lakini alichelewa kuanza. Wote walikuwa na mhuri ule ule kwenye kiganja.

Nilikaa kati ya Bi Tasiana na yule mwalimu. Moyo wangu ulikuwa mzito kwa ajili ya Obedi. Nilijiuliza atakula wapi mchana ule, na kama atakula. Nikaanza kumwombea, nikaona siwezi kulitaja jina lake hata kimoyomoyo, nikamwombea kama yule wa Idara ya Fomu.

"Hivi mnaitwa nani?" Bi Tasiana akauliza lori zima.

"Kimya!" akasema askari aliyesimama nyuma. Alikuwa askari mgeni, si wa kwetu, mwenye bunduki na karatasi ya safari. "Wasiojulikana hawana majina. Tulieni niwahesabu."

Akatuhesabu kwa kidole. Akaandika, akatazama karatasi aliyopewa kituoni, akakunja uso. Akahesabu tena, akianzia upande mwingine.

"Hapa wameandika kumi na saba," akasema. "Mimi napata kumi na nane."

Akahesabu mara ya tatu kwa sauti, akitugusa mabega. Alipomgusa wa mwisho akaweka mkono kifuani kwake mwenyewe ili apumue, akasema, "Kumi na nane."

Hakuna aliyetikisika. Sote tulikuwa tumeona.

"Mwanangu," Bi Tasiana akamwambia, kwa ile sauti anayoitumia darasani mtu akikosea, "umejihesabu na wewe."

Askari alimtazama. Akaitazama bunduki yake, akatazama nje, kituoni, ambako Koplo Sabas alikuwa akikunja zile kamba za foleni. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusahihisha hesabu.

"Wewe unaitwa nani?" Bi Tasiana akamuuliza.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akaweka karatasi kwenye paja, akakata kumi na saba, akaandika kumi na nane, akagonga ubavu wa lori ili dereva aondoke.